Kwa Nini Rubani Akubali Kuwakagua Wenzake?

Huenda mkashangaa kumwona karani wa parokia, tena wa huku Nyabibuye, akiandika habari za marubani. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, stakabadhi, na barua za kupeleka na kupokea. Ndege huku kwetu twaisikia juu ya mawingu, wala hatuinui kichwa. Lakini mwezi uliopita nalikesha usiku mmoja na mtu aliyerusha ndege zaidi ya miaka arobaini, na maneno aliyonijibu yamenikaa kifuani mpaka nimeona afadhali niyaandike.

Nianze mbali kidogo. Nalizaliwa wakati Nyabibuye ingali wilaya ya Kibondo. Tumekuwa watu wa wilaya ya Kakonko tangu mwaka 2012 tu. Baada ya wakimbizi wa Burundi kuvuka mpaka kwa wingi mwaka 1993, ndege ndogo zikawa zikitua Kibondo kuleta watu wa mashirika ya misaada. Baba alinipeleka kuziona nikiwa na miaka kama tisa. Ikatua moja yenye injini mbili, vumbi likatufunika. Wakashuka marubani wawili, mmoja kijana, mmoja mtu mzima. Yule kijana alikuwa akijifuta jasho kana kwamba ametoka kulima. Yule mtu mzima akaweka karatasi juu ya bawa akaandika, akaandika, kijana amesimama kando yake kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwuliza baba, "Anaandika nini?" Baba akasema, "Labda anaandika nauli." Nikakubali, nikasahau.

Sasa basi, mwezi uliopita tulifiwa na shangazi yetu, na katika matanga akaja baba mdogo kutoka Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, maana hapendi. Huyu ni binamu yake baba, alizaliwa huku huku milimani, akasoma, akapelekwa Soroti kule Uganda katika chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vijana wa nchi zetu tatu walisoma pamoja pale. Alimaliza mwaka 1977, mwaka wa balaa kwa watu wa kazi yake, kwa kuwa shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kufa mapema mwaka huo huo, na Jumuiya nayo ikafuata. "Tulirudi na leseni mkononi," asema, "na shirika tulilosomeshwa kulitumikia halipo." Mwezi Machi wa mwaka ule Tanzania ikaanzisha shirika lake, nao wengine wakapata kazi huko, wengine kwenye makampuni madogo. Yeye alianza na ndege ndogo, akapanda, akawa kapteni, kisha mwalimu wa marubani, mwisho mkaguzi wao. Alistaafu alipotimiza miaka 65, kwa maana rubani wa ndege za abiria akifika umri huo haruhusiwi tena kurusha ndege za kwenda nchi za nje.

Usiku wa pili wa matanga tulikuwa tumeuzunguka moto, baridi ya huku mwaijua. Wazee walikuwa wamekwisha kumaliza salamu, na salamu ya Kiha haina haraka. Nikamsimulia ile ndege ya Kibondo na yule mtu aliyeandika juu ya bawa. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ile haikuwa nauli. Yule kijana alikuwa anakaguliwa."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua, na nadhani wengi wenu hamlijui. Mimi nalisoma chuo cha ualimu. Siku nilipopewa cheti, mambo ya kupimwa kama najua kazi yalikwisha. Mkaguzi wa shule akija huangalia zaidi andalio la somo na azimio la kazi. Seremala akiisha kuhitimu hapimwi tena. Lakini rubani wa ndege ya abiria hupimwa mara mbili kila mwaka, tena vipimo viwili vinavyofanana visisongamane ndani ya miezi minne, asije akafanya vyote Januari akapumzika. Sheria hii ni ya dunia nzima, imo katika kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Hata awe amerusha ndege miaka thelathini, hupimwa. Akishindwa, hapewi ndege mpaka afundishwe na kupimwa upya. Mbali na hayo huwekwa mbele ya daktari, na pia mtu huketi pamoja naye katika safari ya kawaida, abiria wakiwa nyuma wanakunywa soda zao, kumwangalia afanyavyo kazi.

Na anayempima ni nani? Ni rubani mwenziwe. Huyu mkaguzi hula mshahara wa kampuni ile ile, huvaa sare ile ile, huenda watoto wao wakasoma darasa moja. Lakini siku ya kipimo hufanya kazi kwa idhini ya serikali, ambayo hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mguu mmoja kwa mwajiri, mmoja kwa sheria. Nikamwuliza, "Basi baba mdogo, mtu mwenye akili timamu, ambaye ni kapteni tayari, anakubalije kazi ya namna hiyo?"

Shemeji yangu mmoja akadakia, "Fedha!" Wengine wakaitikia.

Baba mdogo hakukataa. Alisema posho ipo, lakini ukiihesabu kwa usiku unaopotea, mkulima wa maharagwe apata zaidi kwa jasho lake. Akasema wako waitakao kwa ajili ya cheo, wapate kuitwa wakubwa. Wako waliochoshwa na njia ile ile, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mtu aweza kuitaja milima kwa majina kama vituo vya basi. Wako pia wanaotaka kujua kazi yao kwa undani, na hao aliwasifu kidogo. Alisema, "Mtu aweza kurusha ndege miaka mingi kwa mazoea. Siku kijana anapokuuliza kwa nini, ndipo unapogundua kwamba wewe mwenyewe hujui, ila mikono yako tu ndiyo inayojua." Wengine hawakuchagua kabisa, mkubwa wao aliwaita ofisini akawaambia, wewe utafundisha, wakaona haya kukataa.

Kisha akaeleza kazi yenyewe, na hapa nisimulie kwa kirefu, maana palinipendeza.

Siku hizi mafunzo mengi na vipimo vingi hufanywa katika mashine iitwayo simuleta. Ni chumba cha marubani kamili, na kila kitufe ni kama cha ndege yenyewe, kimesimamishwa juu ya miguu sita ya chuma inayokitikisa na kukiinamisha. Dirishani waona kiwanja, mvua, usiku. Mwanadamu aliyemo humo hutoka jasho la kweli. Mashine hizi ni ghali mno na haziko kila nchi. Shirika la ndege la Ethiopia linazo katika chuo chake cha Addis Ababa, zikiwamo za ndege aina ya Q400 na Boeing 787, aina ambazo nasi twaziona kwa Air Tanzania. Kwa kuwa ni ghali hazilali, kwa hiyo zamu yako yaweza kuanza saa nane za usiku. Zamu huwa kama saa nne, mbali na mazungumzo ya kabla na ya baada. Mwalimu hukaa nyuma penye vitufe vyake, akawasha moto katika injini, akaleta moshi, akaharibu hiki na kile. Kipimo kikubwa ni injini kufa wakati ndege inakimbia kuruka, imekwisha kupita mwendo ambao huwezi tena kusimama ukabaki kiwanjani. Hapo ni lazima uruke na injini iliyobaki. Kufanya hivyo katika ndege ya kweli kila baada ya miezi sita kungewaua watu wengi kuliko kungewafundisha.

Wasomaji wa vyombo vya muziki watapenda kujua kwamba mashine ya kwanza iliyofaulu ya namna hii ilitengenezwa na fundi wa vinanda. Edwin Link wa Marekani alilelewa katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda mjini Binghamton, na mwaka 1929 akatumia mifuko ya upepo, ile ile ya kukivumisha kinanda, kukitikisa kindege cha mbao. Watu waliona ni mchezo wa sikukuu. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopoteza marubani wengi katika kuchukua barua wakati wa hali mbaya ya hewa, likanunua sita.

Lakini simuleta haimalizi yote. Kijana akitoka humo huanza kurusha ndege ya kweli yenye abiria wa kweli, na mwalimu kando yake. Hapa baba mdogo alinyosha mikono yake miwili mbele ya moto, akaiweka magotini. "Kazi yangu yote ilikuwa hii," akasema. "Kuiweka mikono hapa, isiguse." Kijana anatua, ndege inayumba, mwalimu aona kosa tangu mbali. Akilisahihisha mapema, kijana hajifunzi kitu, naye kesho atalifanya akiwa peke yake. Akichelewa, watu wameumia. Kuna nafasi katikati nyembamba kama uzi, na mwalimu hukaa humo. Katika ndege nyingine, kama Boeing na hizi za mapanga, usukani wa kushoto na wa kulia umeungana, basi mwalimu aweza kuhisi mkono wa mwanafunzi kwa kuweka vidole tu. Katika Airbus kila rubani ana kijiti chake, na kimoja hakisogei kingine kisogeapo. Mwalimu hana cha kuhisi, hubaki na macho na mazoea yake.

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kukaa hivyo. Akanyamaza kitambo. Akasema palikuwa na mwalimu wake kule Soroti. Siku moja yeye, kijana wa miaka ishirini, alitua vibaya, ndege ikadunda kama mpira, akaivuta pua juu, jambo ambalo halitakiwi, mwendo ukawa unaisha hewani. Mwalimu wake alingoja. Akangoja tena. Halafu kwa mkono mmoja, bila kusema neno, akasukuma moto wa injini, wakapaa, wakazunguka. Walipotua na kuzima injini, yule mzungu hakufoka. Alisema neno moja tu: "Nieleze." Baba mdogo akaeleza kila alichokifanya, mmoja baada ya mwingine, na katika kueleza akaliona kosa lake mwenyewe. "Nikasema moyoni, nikiishi, nataka siku moja kumfanyia mtu jambo hili. Hiyo ndiyo sababu yangu. Mengine yote ni maneno ya kujazia fomu."

Nalivutwa sana na jibu hili, kwa kuwa zamani mambo hayakuwa hivyo hata huko Ulaya. Katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliwapa kazi ya kufundisha watu waliochoka vitani, ambao mioyo yao haikuwamo, na vijana wengi wakafa mafunzoni kabla hawajamwona adui. Mwaka 1917 Robert Smith-Barry alianzisha shule yake Gosport, akawa anawafundisha walimu wenyewe. Alimweka mwanafunzi kwenye kiti chenyewe cha rubani, akaweka mpira wa kusemea ili mwalimu aongee naye angani, na badala ya kumwambia mwanafunzi aiepuke hatari, akamwonyesha jinsi ya kuiingia na kutoka. Mbinu zake zikaenea duniani.

Basi kufundisha, nikasema, ni jambo jema, nimelielewa. Lakini kukagua je? Kumwandikia mtu kwamba ameshindwa?

Wengine walikuwa wamekwenda kulala. Akaongeza kuni. Alinieleza juu ya rafiki yake, mtu aliyesimama naye siku ya harusi yake. Rafiki huyu alikuja kwenye kipimo cha kawaida, akashindwa jambo moja mara mbili. Sheria iliruhusu kurudia mara moja. Ilikuwa saa kumi za usiku, wote wamechoka, hakuna mtu wa tatu aliyejua ila msaidizi. Rafiki akamtazama, akasema, "Wanijua mimi." Baba mdogo akaandika ameshindwa. Rafiki aliondolewa safarini, akafundishwa upya wiki tatu, akafaulu, akaendelea mpaka kustaafu na viungo vyake vyote. "Na mmesameheana?" nikauliza. Akasema, "Twasalimiana." Sikuuliza zaidi.

Akanikumbusha ajali ya Douala, nchini Kamerun, usiku wa tarehe 5 Mei mwaka 2007. Ndege ya Kenya Airways, Boeing 737 mpya kabisa, iliruka gizani penye mawingu ya mvua, ikainama upande polepole bila marubani kutambua, ikaanguka katika bwawa la mikoko karibu na kiwanja. Watu 114 walikufa, hakupona hata mmoja. Taarifa ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2010 ilieleza kwamba rubani alipotewa na mwelekeo, na kwamba katika majalada yake ya mafunzo udhaifu wa namna hiyo hiyo, wa kutoangalia vipimo na kutofuata utaratibu, ulikuwa umekwisha kuandikwa zaidi ya mara moja. Umeandikwa, wasomaji. Watu waliuona, wakauandika, na mtu akaendelea kuruka. Baba mdogo hakumlaumu yeyote kwa jina. Alisema tu kwamba kila mkaguzi wa Afrika Mashariki aliyeisoma taarifa ile alijiuliza ni karatasi ngapi zenye sahihi yake zimo kabatini mahali fulani.

Naye aliona pia hatari ya upande wa pili, ambayo mimi singeifikiri. Mkaguzi akizoea kukagua, husahau kwamba yeye naye hukosea. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, mwezi ule ule shirika letu lilipoanza, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kiwanjani katika kisiwa cha Tenerife penye ukungu, wakafa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo katika safari za kawaida. Kapteni wa ndege ya KLM aliyeanza kukimbia bila ruhusa hakuwa mgeni wa kazi. Jacob van Zanten alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege zile katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo. Msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na kapteni huyo huyo kama miezi miwili kabla. Mhandisi aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni akajibu kwamba ndiyo, imetoka. Na hapakuwa na aliyebisha tena. Ni nani atakayembishia mwalimu aliyemtilia sahihi? Tena wachunguzi walisema mtu akaaye muda mrefu kwenye simuleta huzoea kwamba ruhusa ya kuruka aitoa mwenyewe. Tangu siku zile marubani wakaanza kufundishwa namna ya kumpinga mkubwa kwa adabu, na mkubwa kufundishwa kusikia.

"Ndiyo maana," akasema, "kila nilipoanza safari na kijana nilimwambia: leo nitafanya kosa moja. Nikamate." Wakati mwingine alilifanya kwa makusudi. Wakati mwingine, akakiri, lilikuwa kosa la kweli, na kijana akadhani ni la makusudi.

Sasa niwaambie kwa nini maneno haya hayakuniacha nilale.

Nilipokuwa mwanachuo tulipelekwa kwenye shule moja ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi wetu alituagiza tukaguane wenyewe kwa wenyewe kwanza, wawili wawili, kila mmoja akae nyuma ya darasa la mwenziwe na kujaza karatasi. Mwenzangu alikuwa rafiki mwema, tukilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Alifundisha darasa la tano kujumlisha sehemu. Nikiwa nyuma nikamwona anaandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Alijumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Nikadhani ameteleza. Mfano wa pili akafanya vile vile. Usiku nikamwambia. Akasema, "Usiniandike, mkufunzi atanirudisha nyumbani, na wajua ada yangu ilivyopatikana." Ilipatikana kwa kuuza shamba la mama yake. Nikaandika: "Somo limeeleweka vizuri." Nikatia sahihi. Mkufunzi alipokuja wiki ya mwisho, rafiki yangu alifundisha jambo jingine, akafaulu.

Mwaka uliofuata nalijitolea kufundisha kwa muda mfupi katika shule ile ile. Nikaingia darasa la sita, nikawapa zoezi la kupima: nusu jumlisha theluthi. Watoto arobaini na kitu. Wakaandika 2/5, dawati kwa dawati, kwa mwandiko mzuri, bila wasiwasi hata kidogo. Mtoto mmoja nilipomsahihisha alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. Niliwafundisha upya kadiri nilivyoweza katika wiki zile, lakini sikumwambia mtu yeyote kosa lile limetoka wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Nami nililikumbuka vizuri zaidi kwa kuwa wakati wa matanga nilikuwa nimekwisha kuikwepa kazi moja kwa wiki tatu. Tuna shule ndogo ya awali hapa, na walimu wawili wasichana wanaojitolea. Posho iliyopatikana ni ya mmoja. Padre aliniomba, kwa kuwa nina cheti cha ualimu, nikae darasani mwa kila mmoja, niandike. Mmoja wao ni binti ya dada wa mke wangu. Mara nilisema vitabu vya ndoa vina kazi nyingi, mara nilisema mgongo wauma. Nikamweleza baba mdogo. Hakunishauri. Aliuliza tu, "Huyo binti anataka kufundisha, au anataka posho?" Nikasema sijui. "Basi hujaketi naye," akasema, akaenda kulala.

Jumatatu iliyofuata nikaenda. Nikaketi kwenye benchi la watoto la nyuma, magoti karibu na masikio, mikono nimeiweka pale alipoiweka baba mdogo. Binti yetu alifundisha kuhesabu kwa vijiti. Ana sauti nzuri, aimba vizuri, watoto wampenda. Ila kwa kuwa nilikaa nyuma nikaona jambo ambalo aliyesimama mbele halioni: benchi langu na lile lililofuata, watoto tisa, hakuwauliza hata swali moja asubuhi nzima. Mmoja kando yangu alikuwa amekwisha kuvunja vijiti vyake vyote na kuvipanga nyumba.

Watoto walipotoka nikamwambia, "Nieleze somo lako." Akaanza kwa furaha. Akataja nani alijibu nini. Alipotaja majina sita, saba, akasita. Akageuka kuyatazama mabenchi ya nyuma, akanyamaza, machozi yakamlenga.

Nikaandika kwamba bado, na nikaandika kwa nini, nikamsomea yeye kwanza kabla ya kumpelekea padre. Yule mwenziwe nilimkaguza siku mbili baadaye. Hana sauti nzuri, lakini huzunguka darasani kama kuku mwenye vifaranga. Posho akapata yeye. Jumapili mama wa binti yetu alipita mbele ya ofisi yangu bila kunisalimu, na mke wangu amenipikia siku nne bila maneno mengi.

Binti mwenyewe alikuja jana jioni. Aliniamkia, akasimama mlangoni, akasema amewapanga watoto upya, benchi zote zazunguka ukuta, na je, baba mkubwa aweza kuja tena Alhamisi kukaa? Nimemwambia nitakuja.

Ndege ya Kibondo nimeikumbuka tena. Natamani ningejua yule mtu mzima aliandika nini juu ya bawa siku ile, na yule kijana yuko wapi sasa.